Gari limeoshwa lakini mkono bado unakwaruza: mwongozo kamili wa kung'oa uchafu uliogandia kwenye rangi

Osha gari lako asubuhi, likaushe, kisha chukua mfuko mwepesi wa mkate, uuvae mkononi kama glavu na upitishe ncha za vidole juu ya boneti, polepole, bila kukandamiza. Ukihisi vipele vipele, kama unapapasa msasa uliochakaa, ujue sabuni imefika mwisho wa uwezo wake. Nailoni inapunguza msuguano wa ngozi, ndiyo maana vipele ambavyo kidole kitupu kinavipita vinajitokeza vyote. (Rambo, ile mifuko ya plastiki ya kubebea, zilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo huo mfuko wa mkate utunze.)

Gari nitakalolitumia kama mfano ni Toyota IST nyeupe ya shemeji yangu, iliyokuja na meli kutoka Japan. Ilikuwa na vidoti vya rangi ya chungwa mlango wa nyuma, kwenye buti na pembeni mwa matairi. Fundi mmoja alimwambia ni kutu, bodi inaliwa, apige rangi upya. Haikuwa kutu ya bodi. Ilikuwa kutu ya vyuma vya watu wengine vilivyokuja kujichomeka kwenye rangi yake, na tuliimaliza Jumamosi moja.

KWANZA UJUE UNAPAMBANA NA NINI

Uchafu wa kawaida, yaani vumbi na tope, umekaa juu tu. Uliogandia ni mwingine, na kila aina ina dawa yake. Anayechukua kitu kimoja na kusugulia vyote ndiye anayebaki na mikwaruzo.

Chembe za chuma ndizo nyingi kuliko watu wanavyodhani. Pedi ya breki inaposugua diski inarusha vumbi lenye chuma, tena la moto. Linatua kwenye rangi, linajikita, likipata unyevu linashika kutu na kutanuka. Gari la mbele yako kwenye foleni ya Ubungo linakupulizia wewe, na wewe unampulizia wa nyuma. Anayeishi karibu na reli anapata zaidi, kwa sababu magurudumu ya treni nayo yanasagana na reli. Kwenye gari jeupe utaviona vidoti. Kwenye jeusi viko vilevile, ila hujaviona.

Lami inarukia sehemu za chini, hasa nyuma ya matairi, ukipita barabara inayojengwa. Utomvu unadondoka kutoka kwenye mwembe uliouchagua mwenyewe kwa ajili ya kivuli. Madoa meupe ya mviringo ni madini ya maji ya kisima yaliyokaukia juani. Rangi ya kupulizia nayo hupeperuka kutoka gereji ya jirani na kutua kama mchanga mwembamba usiofutika. Na kuna saruji, ambayo nitaigusa mwishoni kwa sababu ina adabu zake.

Kinyesi cha kunguru nakitaja peke yake. Kikiwa kibichi au kimekauka leo, ni uchafu: lowesha kitambaa, kilaze juu yake dakika kumi, kisha kinyanyue bila kusugua. Kikikaa siku kadhaa kwenye jua la Dar, kinakula klia, lile tabaka angavu linalofunika rangi, na kuacha kovu. Hilo kovu si uchafu tena, ni shimo. Hakuna kitu chochote katika mwongozo huu kitakachoondoa shimo, na ukilisugua unalipanua tu.

VIFAA

Vya lazima: ndoo mbili, sabuni ya gari ya maji (si ya unga, chembe zake zisipoyeyuka zinakwaruza), glavu ya kuoshea au sponji laini, vitambaa vya maikrofaiba visivyopungua sita, dawa ya chuma, dawa ya lami, klei, chupa ya kupulizia, glavu za mpira za mikononi, polishi laini, na nta ya kufunga kazi.

Klei ni udongo bandia wenye chembe laini sana za kukwangua. Inauzwa kipande kama sabuni ndogo ya hotelini, na ipo ya daraja laini, la kati na kali. Ni jambo la Wajapani: Tadao Kodate alipata hataza (haki ya uvumbuzi) yake Marekani mwaka 1995. Nunua laini. Ile kali ni ya watu wenye mashine ya kupigia polishi na muda wa kurekebisha walichoharibu. Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama ule udongo wa rangi wa watoto wa chekechea unafaa. Haufai, una mafuta na unabaki kwenye rangi.

Usiweke kwenye orodha: thina, petroli, steeluulu, dodoki, wala msasa wa namba yoyote. Thina naisisitiza kwa sababu magari mengi ya hapa yamepigwa rangi mitaani angalau mlango mmoja, na baadhi ya rangi hizo zinayeyuka zikiguswa na thina. Utafuta doa la lami na mlango pamoja.

Kabla ya yote, jaribu mahali pa kificho, kwa mfano ndani ya fremu ya mlango: sugua kidogo na polishi kwa kitambaa cheupe (gari likiwa jeupe, tumia cha rangi). Kitambaa kikichukua rangi ya gari, huna klia juu. Umepigiwa rangi tupu. Kazi inaendelea, lakini kwa mkono mwepesi zaidi. Rangi iliyopigwa mtaani bila kuchomwa kwenye tanuri iache mwezi mzima kabla ya kuigusa kwa klei. Na gari lenye rangi ya mati (isiyong'aa) au lililofunikwa stika usilipitishe kwenye hatua ya klei kabisa.

SAA NA MAHALI

Anza saa kumi na mbili asubuhi, au subiri saa kumi jioni, kivulini. Weka kiganja kwenye boneti: kama huwezi kukiacha hapo kwa raha, bati ni la moto na dawa itakaukia juu yake. Kivuli cha ukuta au cha turubai ni bora kuliko cha mti, kwa sababu zinazojulikana.

HATUA YA 1: OSHA KAMA HUJAWAHI KUOSHA

Mwaga maji kwanza, mengi, ili mchanga uondoke bila kuguswa. Kisha ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu kila baada ya kipande. Anzia paa, shuka. Sehemu za chini ya milango ziwe za mwisho, na rimu ziwe na sponji yake. Hapa hutafuti gari la kung'aa. Unataka pasibaki hata punje moja ya mchanga, kwa sababu klei itakapoikuta itaiburuta gari zima.

HATUA YA 2: LAMI NA UTOMVU

Dawa ya lami ni kiyeyusho. Pulizia au paka kwa kitambaa, subiri dakika moja au mbili mpaka doa jeusi lianze kulia machozi ya kahawia, futa kwa kitambaa safi, rudia. Usisugue doa gumu. Lipe muda.

Usipoipata dawa yenyewe, mafuta ya taa yanayeyusha lami. Tia kidogo kwenye kitambaa, si kumwagia gari, epusha mipira ya milango na plastiki nyeusi, na kaa mbali na jiko na mwenye sigara. Hata mafuta ya kupikia yanailainisha lami, ila kwa subira ya kupikia makande. Vyote viwili vinaacha utando wa mafuta, hivyo osha sehemu hiyo tena kwa sabuni kabla ya kuendelea. Dawa ya chuma haipiti kwenye mafuta.

Utomvu ni wa spiriti. Vile vitakasa mikono vilivyobaki kabatini tangu Korona vinafaa sana kama ni vya spiriti: weka tone juu ya utomvu, hesabu nusu dakika, futa. Uliokauka kama kioo unaweza kutaka mara tatu au nne. Usiubandue kwa kucha. Jaribu kwanza mahali pa kificho, hasa kwenye rangi ya mtaani, na usiiache spiriti ikae.

HATUA YA 3: CHUMA

Hapa ndipo penye raha. Dawa ya chuma ya aina iliyozoeleka inatumia kemikali za jamii ya thioglaikoleti. Ikikutana na chembe ya chuma inaungana nayo, na mchanganyiko huo una rangi ya zambarau. Kwa hiyo unapulizia kimiminika kisicho na rangi, unasimama, na ndani ya dakika mbili gari linaanza kutoa michirizi kama limemwagiwa juisi ya zabibu. Kwenye IST ile, mlango wa nyuma ulitoka zambarau hadi shemeji akashika kichwa. "Jamani, rangi inayeyuka!" Ilikuwa chuma, rangi ilikuwa salama. Baada ya kusuuza, vidoti karibu vyote vya chungwa vilikuwa vimekwenda, bila mtu kusugua chochote.

Inanuka mayai yaliyooza, na waliowahi kuweka kalikiti watahisi wanaijua harufu hiyo. Hawakosei, jamii hiyohiyo ya kemikali ndiyo inayotumika kwenye dawa ya kukunja nywele. Vaa glavu, simama upande upepo unakotoka, watoto wakae mbali.

Utaratibu: gari liwe limepoa, na maji yasiwe yanachuruzika, kwa sababu yataipunguza nguvu dawa. Pulizia upande mmoja kwa wakati mmoja kutoka chini kwenda juu. Subiri dakika tatu hadi tano kwa kufuata chupa inavyosema. Isikauke, ikianza kukauka, suuza hata kama muda haujaisha. Suuza kwa maji mengi, hasa kwenye mikunjo na chini ya vishikio vya milango. Sehemu iliyotoa zambarau nyingi irudie mara ya pili. Isiyotoa kitu iache, usimalizie chupa ili tu iishe.

Dawa hii usiichanganye na jiki, siki, wala dawa yoyote ya rimu yenye tindikali. Hakuna gesi nzuri inayotoka kwenye michanganyiko hiyo. Kila dawa isuuzwe yote kabla ya inayofuata.

HATUA YA 4: KLEI, NA HAPA NENDA POLE

Pitisha tena mkono wenye mfuko wa mkate. Hili ndilo watu wanaliruka. Pale palipokuwa laini, usipitishe klei. Klei ni kikwangulio, hata ile laini, na klia ya kiwandani mara nyingi ni mikroni 35 hadi 50 tu, nyembamba kuliko unywele wako. Dawa zimeshafanya sehemu kubwa ya kazi bila kuigusa. Klei ni ya yale mabaki yaliyokataa. Kwenye IST tulipitisha boneti, paa na buti. Milango ya mbele haikuhitaji.

Kilainisho ni maji na sabuni ya gari, vijiko viwili vya chai kwa lita moja, kwenye chupa ya kupulizia. Sabuni ikiwa kali, klei itaanza kumong'onyoka mkononi, badilisha sabuni.

Kata kipande cha theluthi, si chote. Kikande kama donge la chapati, kisha kibonyeze kiwe bapa, upana wa vidole vitatu. Kwa joto la Pwani klei inalegea na kunatanata: iweke kwenye kikombe cha maji ya baridi dakika chache. Ukiwa Njombe mwezi wa saba itakuwa ngumu kama nta ya mshumaa. Hapo ni maji ya uvuguvugu.

Chukua eneo la upana wa mikono miwili, sentimita 40 kwa 40 hivi. Pulizia kilainisho hadi paonekane pameloa kweli. Weka klei chini ya vidole na uisogeze kwa mistari iliyonyooka, mbele na nyuma, uelekeo ambao upepo ungepita gari likitembea. Usizungushe duara. Ukikosea na kuacha alama, mstari ulionyooka unaonekana kidogo kuliko duara, lile linalong'aa kama utando wa buibui juani.

Nguvu ni ile ya kushikilia klei isidondoke, basi. Mwanzoni utaisikia inakwama kidogo na kutoa sauti kama ya kuchana karatasi taratibu. Baada ya kupita mara nne, tano, sauti inafifia na klei inateleza kimya. Ukimya ndio ishara ya kuhama. Kama umepita mara kumi na bado inakwama, aidha ni doa linalotaka dawa yake au ni rangi yenyewe imeharibika. Acha.

Kila baada ya eneo, geuza klei uitazame. Utaona ukungu wa kahawia na vidoa vyeusi. Ikunje uchafu uingie ndani, ikande tena, uso safi urudi nje. Ikishakuwa ya kijivu kila unapokunja, tupa.

Na ikidondoka chini, tupa. Hata sekunde moja. Mimi nilishawahi kuiokota kwenye zege, nikaisuuza, nikaikagua kwa macho yote mawili na kuendelea. Jioni jua lilipolala likanionyesha mistari mitatu sambamba kwenye mlango wa gari langu, mirefu kama ya kucha za paka. Punje ilikuwa imezama ndani ya klei. Mistari miwili ilitoka kwa polishi, wa tatu bado upo na ninausalimia kila nikifungua mlango. Ndiyo maana nimesema ukate theluthi: ikianguka unatupa kidogo.

Mpangilio ni paa, boneti, buti, juu ya milango, kisha chini ya milango na bampa. Klei iliyogusa chini isirudi juu. Vioo ulivyovisahau sasa vina zamu yao: pitisha klei kwenye kioo cha mbele, kwa kilainisho hichohicho, na waipa zitaacha kulia.

Kuna pia taulo na glavu zenye mpira wa kufanya kazi ya klei. Zinaharakisha, na zikidondoka unaweza kuzisuuza. Ila mkono unahisi kidogo kupitia kwake, na kwa mtu anayejifunza kuhisi ndio kila kitu. Anza na kipande.

MADOA YA MAJI, RANGI YA JIRANI, SARUJI

Madoa meupe ya maji ya kisima ni madini, hivyo siki nyeupe nusu kwa nusu na maji safi inayalegeza. Laza kitambaa kilicholoa dakika mbili, futa, suuza sana. Maji safi kabisa ni yale ya kuongezea betri, ila soma chupa: mahali panapouzwa maji ya betri mara nyingi panauzwa na asidi ya betri, na chupa zinafanana kama pacha.

Rangi iliyopeperuka ndiyo kazi klei inayoiweza vizuri kuliko zote. Ikiwa ni chembe chembe, itatoka. Ikiwa ni nzito kiasi cha kubadilisha rangi ya gari, mpelekee mtu mwenye mashine.

Saruji usiikwangue wala usiipitishie klei, maana ina mchanga ndani. Siki ileile, kwa kulowesha na kurudia, inailainisha kidogo kidogo hadi iporomoke. Inaweza kuchukua mchana mzima kwa tone moja la ukubwa wa shilingi. Chini yake unaweza kukuta doa la kudumu.

HATUA YA 5: FUNIKA

Suuza gari zima, likaushe kwa kulaza taulo na kuivuta, si kusugua. Rangi sasa iko uchi: nta yote ya zamani imetoka pamoja na uchafu. Ikibaki hivyo, vumbi la breki la Jumatatu litaingia kirahisi kuliko lile la zamani. Ukiona alama nyepesi za klei, piga polishi laini kwanza. Usipoziona, nenda moja kwa moja kwenye nta: tabaka jembamba, subiri iwe ukungu, futa, geuza kitambaa, futa tena. Nta nene haikingi zaidi, inachosha mkono tu.

Baada ya hapo dawa ya chuma ukitumia mara mbili kwa mwaka inatosha kwa gari la foleni za mjini. Klei ni pale tu mfuko wa mkate utakaposema, na kama unaosha kwa adabu inaweza kupita mwaka mzima bila kusema.

Klei iliyobaki irudishe kwenye kiboksi chake ikiwa imepuliziwa kilainisho isikauke, mbali na jua, wala usiiache ndani ya gari. Kama una vipande viwili, andika kwa kalamu juu ya kiboksi kipi ni cha boneti na kipi ni cha chini ya milango, maana mwezi wa sita ukifika hutakumbuka.